Barua ya wazi kwa Waziri wa Kawi na wadhibiti wa umeme: Msitulipishe giza

Nairobi

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Kawi na Petroli,
Bodi ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA),
Wakuu wa mashirika ya umma yanayozalisha, kusafirisha na kusambaza umeme,
Waheshimiwa wanachama wa Kamati ya Kawi ya Bunge la Taifa.

MINTARAFU: GHARAMA YA UMEME USIOTEGEMEKA NA NANI ANAYEIBEBA

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zangu za heshima. Mimi ni mwenye karakana ndogo ya plastiki huko Kariobangi Light Industries. Tunanunua plastiki kuukuu kutoka kwa wakusanyaji wa Dandora na Korogocho, tunaiosha, tunaisaga, kisha tunaiyeyusha na kuunda beseni na vifuniko vya ndoo. Ninaandika hadharani kwa sababu njia za faragha zimefika ukingoni. Barua nilizopeleka kwenye ofisi zinazohusika zilipigwa muhuri wa kupokelewa na hazikujibiwa, na nambari za malalamiko nilizopewa kwa simu zilifungwa kabla ya fundi yeyote kukanyaga mtaani kwetu. Sitataja ofisi wala afisa, kwa maana nikitaja jina mjadala wote utahamia kwenye jina hilo, ilhali shida ninayoieleza ni kubwa kuliko dawati moja.

Haki itendeke kwanza. Takriban sehemu tisa kwa kumi za umeme unaozalishwa nchini hutoka kwenye mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Visima vya mvuke vya Olkaria vimekuwa vikitoa umeme tangu mwaka 1981, na mataifa tajiri kuliko letu bado yanatafuta njia ya kufika hapo tulipofika. Kwa hivyo barua hii haipingi kawi jadidifu hata kidogo. Nalalamika kwamba nchi iliyoiweza kazi ngumu ya kupata umeme safi imelemewa na kazi ya kuufikisha kwa mnunuzi, na kila inapolemewa, gharama huangukia tokeni za mnunuzi huyo huyo.

Ili msidhani nazungumzia usumbufu wa kuwasha mshumaa, nieleze kinachotokea karakanani. Mashine ya kuunda beseni ina silinda inayopashwa moto hadi nyuzi mia mbili hivi, na ndani yake skrubu ndefu inayosukuma plastiki iliyoyeyuka kuelekea kwenye kalibu. Umeme ukikatika ghafla, plastiki huganda humo ndani na kuikamata skrubu. Umeme ukirudi baada ya dakika tano, mimi sirudi kazini baada ya dakika tano. Silinda lazima ipashwe upya taratibu, plastiki iliyoungua itolewe ikiwa na rangi ya kahawia na moshi wa kukaba koo, na beseni za kwanza zinazotoka hazifai kuuzwa hata kwa bei ya hasara. Kibaya zaidi ni fezi moja, yaani mmoja wa nyaya tatu zinazoleta umeme mashineni, kupotea huku mbili zikibaki. Taa zinawaka, mgeni atadhani mambo ni shwari, kumbe mota inanguruma bila kuzunguka, na asipokuwapo mtu wa kukimbilia swichi, koili inaungua. Kupeleka mota kwa fundi isukwe upya hugharimu fedha ambazo zingelipa mshahara wa kijana mmoja kwa mwezi.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Gridi nzima kuanguka, na maelezo kuishia kwenye taarifa ya ukurasa mmoja.

Usiku wa Agosti 25, 2023 karibu nchi yote iliingia gizani, pamoja na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Giza likarudi Novemba mwaka huo, na tena Desemba. Mwaka 2024 likaja Mei, Septemba na Desemba. Tukio la Septemba 6, 2024 linafundisha mengi, kwa kuwa safari hiyo takwimu zilitolewa: laini ya kutoka Loiyangalani, penye mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana, ilijikata katika kituo cha Suswa ikiwa imebeba megawati 288 za upepo, kisha laini ya kutoka Ethiopia iliyokuwa ikileta megawati 200 ikafuata. Megawati 488 zilitoweka kwa mpigo mmoja, zaidi ya robo ya matumizi ya nchi saa hiyo.

Mtu yeyote aliyesoma umeme kidogo anajua kwamba gridi ya hezi 50 hudumu tu iwapo kinachozalishwa kinalingana na kinachotumiwa, sekunde baada ya sekunde. Chanzo kikubwa kinapotoweka, hezi hushuka. Pasipokuwa na mitambo ya akiba inayozunguka tayari kuziba pengo, au vifaa vya kukata maeneo machache haraka ili mengine yaokolewe, mitambo iliyobaki hujizima mmoja baada ya mwingine ili isiharibike. Kwa hiyo laini kukatika si habari. Laini hukatika duniani kote, kwa radi, kwa mti, na hata kwa tumbili, kama yule aliyeangukia transfoma ya kituo cha Gitaru Juni 7, 2016 na kuiacha Kenya gizani. (Tumbili alinusurika, na sina kinyongo naye.) Habari ni kwamba miaka minane baada ya tumbili, tukio moja bado linatosha kuzima sehemu kubwa ya nchi.

Baada ya tukio la Agosti 2023, kampuni ya usambazaji ilisema chanzo kilikuwa kupotea kwa umeme wa upepo wa Turkana, nao wenye mitambo ya upepo wakakana. Kwa mnunuzi, ubishi huo uliishia hapo. Mwenye karakana anayetaka kujua kama akiba ya dharura ilikuwapo usiku ule, na kama vifaa vya kujikata vilifanya kazi, hana pa kusoma.

2. Mitambo kujengwa kabla ya laini, na laini kutofikishwa kwa wakati.

Mitambo 365 ya upepo ya Loiyangalani, yenye uwezo wa megawati 310, ilikamilika mwaka 2017. Laini ya kuifikisha Suswa, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400, haikuwa tayari hadi mwaka uliofuata, kwa kuwa mkandarasi kutoka Uhispania alifilisika kazi ikiwa nusu. Mkataba ulidai wenye mitambo walipwe hata kama umeme wao haukuwa na njia, na mabilioni ya shilingi yakatoka kwa ajili ya upepo uliovuma bila kuwasha hata balbu moja. Siwalaumu wawekezaji. Walitimiza wajibu wao na wakadai haki yao. Ninauliza ni nani, kwa upande wa umma, aliyewahi kuulizwa swali kuhusu ratiba ile.

Leo tatizo hilo limehamia magharibi mwa nchi, ambako laini zimezidiwa, na wakuu wa serikali wenyewe wamekiri hadharani kwamba jioni baadhi ya maeneo huzimwa kwa zamu. Novemba 21, 2024 Rais alitangaza kufutwa kwa mkataba wa dola milioni 736 kati ya KETRACO, shirika la umma la kusafirisha umeme, na kampuni ya Adani ya India wa kujenga na kuendesha laini kwa miaka 30. Wengi wetu tulishangilia, kwa sababu mkataba wenyewe ulijadiliwa kwa siri isiyostahili mali ya umma. Hata hivyo, kufuta mkataba hakujengi mnara hata mmoja. Laini zile bado zinahitajika, na sijaona popote pameandikwa kwa lugha ya mwananchi zitajengwa lini, kwa fedha za nani, na kila uniti itaongezewa senti ngapi kuzilipia.

3. Mvuke unaopulizwa hewani usiku, na mashine zetu zikiwa zimelala.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu suluhisho lake halihitaji mkopo mkubwa. Jioni matumizi ya nchi hupanda, na mwaka 2025 yalipita megawati 2,300. Ikifika saa nane usiku, hushuka hadi karibu nusu ya hapo. Kisima cha mvuke hakifungwi na kufunguliwa kila saa kama bomba la jikoni. Matokeo yake, Olkaria huachilia mvuke uende zake, na mitambo ya upepo huamriwa kupunguza kasi wakati upepo wa Turkana uko kwenye nguvu zake. Gharama za kudumu za mitambo hiyo, yaani visima, mikopo na malipo ya uwezo yaliyomo kwenye mikataba, zinalipwa vilevile, uniti ikiuzwa au isiuzwe. Kisha saa moja jioni ikifika, tunawasha mitambo ya mafuta mazito na kuletewa bili ya mafuta.

Mimi niko tayari kufanya kazi usiku. Vijana wangu wako tayari, mradi wapate pa kulala mchana na usafiri wa alfajiri. Tangu Desemba 2017 pamekuwa na mpango wa bei nafuu ya usiku kwa wateja wa biashara na viwanda, ukiwa na sharti la kuzidisha kiwango cha kawaida cha matumizi ili mtu aguse punguzo. Tangu Aprili 2023 anayechaji pikipiki au basi la umeme ana bei yake, iliyowekwa wakati huo kuwa shilingi 16 kwa uniti saa za kawaida na shilingi 8 usiku kabla ya tozo. Ni hatua njema. Lakini mita yangu ya tokeni haijui tofauti ya saa nne usiku na saa nne asubuhi. Ikiwa mita ya kuchajia pikipiki inaweza kufundishwa kusoma saa, ya karakana haishindikani. Kila uniti tutakayoinunua usiku ni uniti ambayo mvuke wake ungepotea, na fedha yake ingesaidia kulipa gharama za kudumu ambazo sasa zinabebwa na mama mboga wa Kayole.

4. Bei inayompa mnunuzi kila hatari.

Jopo la Rais la kupitia mikataba ya ununuzi wa umeme, lililoongozwa na John Ngumi, liliundwa Machi 2021 na kukabidhi ripoti Septemba mwaka huo. Lilisema bei ya uniti ingeweza kushuka kwa thuluthi moja, kutoka shilingi 24 hadi 16. Januari 2022 tukapata punguzo la asilimia 15. Nusu ya pili iliyoahidiwa haikuja, na Aprili 2023 bei mpya zikapanda. Katika mabadiliko hayo, kiwango cha matumizi ya mteja wa hali ya chini anayestahili bei nafuu kilishushwa kutoka uniti 100 kwa mwezi hadi 30. Familia yenye friji ndogo imeshatoka humo.

Tazameni risiti ya tokeni. Bei ya mafuta ikipanda, mnunuzi analipa. Shilingi ikishuka dhidi ya dola, kama ilivyofika takriban 160 mwanzoni mwa mwaka 2024, mnunuzi analipa, kwa sababu mikataba mingi imeandikwa kwa dola na yuro. Mfumuko wa bei una mstari wake. Tozo ya asilimia 5 ya kusambaza umeme vijijini iko, na juu ya hayo kuna ushuru wa VAT wa asilimia 16. Siipingi tozo ya vijijini. Nyumbani kwetu kulipata umeme kwa tozo hiyo. Ninachopinga ni mpango ambamo kila hatari imehamishiwa kwa yule asiyeweza kuizuia. Anayesimamia mitambo anaweza kupunguza saa za kuchoma mafuta. Anayejadili mkataba anaweza kudai sehemu ya malipo iwe kwa shilingi. Mimi siwezi lolote kati ya hayo, na maadamu bili inapita moja kwa moja hadi kwangu, sioni ni nini kitakachowasukuma wao kulifanya.

5. Upotevu.

Katika miaka ya karibuni, zaidi ya asilimia 20 ya umeme ulionunuliwa kutoka kwa wazalishaji umepotea njiani, kwa joto la nyaya zilizozeeka na kwa wizi. Hapa sina mengi, kwa kuwa ripoti zenu zinalisema wazi kuliko ninavyoweza mimi. Nawaomba tu msilizungumzie kama jambo la mitaa ya mabanda peke yake. Uniti za viwanda na majumba makubwa zinazopitishwa kando ya mita hazipotei kwa sababu ya umaskini.

6. Fidia iliyoandikwa na isiyolipwa.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya huduma zenye ubora unaofaa na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro zake. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 nayo inatambua fidia. Katika utendaji, mwenye mota iliyoungua hutakiwa athibitishe kwamba fezi ilipotea, ilhali kumbukumbu za transfoma zimo mikononi mwa anayedaiwa. Anayetaka kulipwa muda uliopotea na plastiki iliyoganda ndiye hana hata fomu ya kujaza.

7. Jua la juu ya paa.

Viwanda vikubwa vya Nairobi vinaweka paneli zao na kupunguza wanachonunua kutoka gridi. Sheria ya mwaka 2019 iliruhusu mteja mwenye mtambo usiozidi megawati moja apeleke ziada yake kwenye gridi na kupunguziwa bili, lakini kanuni za kuitekeleza zilisubiri hadi mwaka 2024. Mwenye mtaji hangoji kanuni. Akiondoka, gharama za kudumu za laini na mikataba tunabaki kugawana sisi tusio na paa la kutosha wala dhamana ya kupelekea benki, na bei ikipanda kwa sababu hiyo, mwingine anapata sababu ya kuondoka. Dawa yake ni umeme wa gridi unaotegemeka na wenye bei ya haki. Kuwawekea vikwazo wenye paneli hakutawarudisha.

Najua majibu mtakayotayarishiwa, na nayaheshimu kiasi cha kuyajibu.

Mtaambiwa waharibifu wanaiba mafuta ya transfoma na vyuma vya minara. Ni kweli, na wakipatikana wafungwe. Mwizi wa mafuta ya transfoma, hata hivyo, anazima mtaa. Hawezi kuwa sababu ya sehemu kubwa ya nchi kuzimika laini mbili zinapojikata.

Mtaambiwa mikataba ya umeme haivunjiki, na anayeivunja hufukuza wawekezaji. Sijaomba ivunjwe. Naomba inayoandikwa kuanzia sasa iwekwe wazi, na kwamba hakuna mtambo mkubwa utakaoidhinishwa kabla laini yake haijapata fedha. Katika mikataba iliyopo, mazungumzo ya hiari juu ya fedha ya malipo na umeme wa usiku hayajakatazwa na mtu.

Mtaambiwa hakuna fedha. Hapa ndipo ninapokosa subira kidogo, kwa kuwa fedha zipo na zinatoka kila siku: zinatoka kwa kila karakana inayonunua dizeli ya genereta, kila mwuza samaki wa Gikomba anayenunua barafu ya ziada, kila zahanati inayoweka inveta kwa ajili ya friji ya chanjo. Nchi inalipia kutotegemeka kwa umeme mara ya pili, ila malipo hayo hayaonekani kwenye bajeti yoyote ya serikali.

Na mtaambiwa kupanda kwa matumizi ni dalili ya uchumi unaokua, kwa hiyo tuvumilie. Uchumi unaokua ndio sisi, waheshimiwa.

Kwa hayo yote naomba yafuatayo. Ndani ya siku 60, ripoti kamili za kiufundi za matukio ya nchi nzima tangu Agosti 2023 zichapishwe chini ya haki ya habari iliyomo katika kifungu cha 35 cha Katiba, zikionyesha akiba iliyokuwapo, vifaa vilivyofanya kazi na vilivyoshindwa, na mapendekezo yaliyotekelezwa. Na kuanzia hapo kila tukio kama hilo lichapishiwe ripoti yake. Bei zilizoanza Aprili 2023 ziliwekwa kwa kipindi cha hadi mwisho wa mwaka wa fedha wa 2025/26. Naomba bei zitakazofuata ziwe na bei ya usiku kwa wateja wadogo wa biashara, isiyo na sharti la kuzidisha kiwango cha matumizi ya nyuma, pamoja na mita zinazosoma saa, zikianzia mitaa ya karakana kama Kariobangi, Kamukunji na Gikomba. Sehemu ya gharama ya mafuta na ya ubadilishaji wa fedha ibebwe na wale wenye uwezo wa kuipunguza, kwa kiwango ambacho EPRA itakitangaza na kukieleza. Orodha ya laini zinazohitajika, gharama yake, mfadhili na tarehe ya kukamilika iwekwe hadharani, na zabuni zake ziwe za ushindani. Fidia iwe ya moja kwa moja: muda wa kukatika ukizidi kiwango kilichowekwa, uniti ziingie kwenye mita bila mteja kuandika barua, na katika madai ya vifaa vilivyoungua, kumbukumbu za transfoma zitolewe na mwenye transfoma.

Niko tayari kuitwa mbele ya kamati yoyote, na nitakuja na mota iliyoungua pamoja na risiti zake. Mkiamua kutembelea Kariobangi badala yake, njooni kati ya saa kumi na mbili jioni na saa nne usiku, siku ya kazi, bila kutoa taarifa.

Wenu kwa heshima,

Mnunuzi wa umeme na mwenye karakana,
Kariobangi Light Industries, Nairobi